Viraka vya Mama Gisa

Nyumbani kwa Winifred Mutesi, kule Batsinda, Kigali, hata mtungi wa gesi una gauni. Ni gauni la viraka, lina marinda kiunoni na tundu la kupitishia mpira wa gesi, na kila mgeni anayeingia jikoni mara ya kwanza husimama akalitazama kabla ya kuamua acheke au asifu. Birika lina koti. Rimoti ya televisheni ina mfuko wake wenye kifungo, jambo linalomkera mumewe, Mzee Kabera, kwa sababu mpaka afungue kifungo goli limeshaingia. Kabera ni mwalimu mstaafu, mtu mpole, na ameshawaambia majirani kwamba siku hizi hakai mahali pamoja zaidi ya saa nzima, asije akashonewa kifuniko.

Winifred mwenyewe hajali. Ana miaka hamsini na mitatu, anafanya kazi masjala ya wizara moja pale Kacyiru, na huko tangu asubuhi hadi jioni anapokea majalada, anayasoma, anayarudisha mahali pake. Ukimwuliza barua ya mwaka juzi iko wapi, hanyanyuki kitini, ananyoosha kidole tu. Kichwa cha namna hiyo hakijui kulala. Kikifika nyumbani kinatafuta cha kupanga, na kilichopatikana ni vitambaa.

Alianza kwa ajali. Miaka kumi na miwili iliyopita, siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, alikuwa akiwaelekeza wenzake jinsi ya kuchimba mfereji. Hakuwa akichimba, alikuwa akielekeza; Kabera hupenda hilo lieleweke. Akarudi nyuma hatua moja ya ziada, akatumbukia mferejini, kifundo cha mguu kikavunjika. Daktari akampa wiki sita za kukaa nyumbani. Siku ya nne alikuwa ameshapanga upya kabati zote kwa kuamrisha kutoka kitandani, ameshagombana na redio, na Kabera alikuwa ameanza kukumbuka shughuli nyingi za nje.

Ndipo rafiki yake Ariane akaja na cherehani ya mkono iliyokuwa ya marehemu mama yake, maana ile ya kukanyaga kwa mguu Winifred asingeiweza, pamoja na furushi la vipande vya vitenge.

"Shona chochote," Ariane alimwambia. "Shona hata huo mdomo."

Cherehani ya mkono ina tabia zake. Mkono mmoja unazungusha, mmoja tu ndio unaobaki kuongoza kitambaa, kwa hiyo asiyezoea hawezi kukata kona. Winifred akashona mistari iliyonyooka, na mistari iliyonyooka ikazaa miraba, na miraba ikaungana na miraba. Haba na haba hujaza kibaba. Plasta ilipotolewa mguuni, kitandani palikuwa na mfarishi mzima: juu viraka vilivyounganishwa, katikati blanketi kuukuu, chini shuka, na vyote vitatu vimeshonwa pamoja visihame. Haukulala sawa, ulipanda na kushuka, lakini Kabera aliulalia na hakusema neno, na huo kwa Kabera ndio upendo.

Tangu hapo hakurudi nyuma. Mtu akijifungua, wanawake wa mtaa wanapokwenda kumwona mzazi na maziwa na uji wa mtama, Winifred huenda na kimfarishi cha mtoto. Binti yake Kaliza alipokwenda chuo Huye alikwenda na mmoja, na baada ya mwezi akapiga simu akisema wenzake watatu nao wanataka. Mkubwa wake kazini ana mto wa viraka kwenye kiti, na inasemekana tangu siku hiyo vikao vimerefuka. Hauzi hata kimoja. Ukimtajia kuuza anakutazama utafikiri umemwomba amwuze Kabera.

Ariane nimemtaja, lakini huyo ni wa kumtaja mara mbili. Watu wanamwita Mama Gisa, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alikulia Bujumbura, ndiyo maana Kifaransa humchomoka anapohamaki. Walikutana wizarani mwaka tisini na nane, wasichana wawili waliorudi nchini kutoka pande mbili, Winifred akitokea Karagwe, wakapewa meza moja na kiti kimoja na nusu. Mwaka huohuo Ariane aliugua akalazwa miezi miwili. Gisa alikuwa na mwaka na nusu. Winifred, ambaye wakati huo alikuwa hajaolewa wala hajui kuosha chupa ya mtoto, akamchukua yule mtoto, akambeba mgongoni mpaka mgongo ukazoea, na mama alipotoka hospitali mtoto alimtazama Winifred kwanza ndipo akaenda. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Baada ya hapo hawakuwahi kuhesabiana. Ariane alihamia Kanombe, mumewe anafanya kazi uwanja wa ndege, lakini wiki haipiti bila kuonana.

Sasa, kikundi chao cha kushona. Wako wanne. Winifred na Ariane ndio hao. Wa tatu ni Shakira, fundi wa nguo wa Biryogo. Babu wa babu yake alikuja na bidhaa kutoka pwani, akaona pazuri, akabaki. Huyu ndiye mwalimu wao. Wa nne anaitwa Pretty, mwuguzi kijana aliyekulia Kampala, ambaye viraka vyake havijawahi kukutana kona kwa kona hata siku moja na hana habari. Wakikaa pamoja wanazungumza Kiswahili, kila mmoja na chake, kwa sababu Shakira akimkosoa mtu kwa Kinyarwanda anakuwa na adabu mno na kosa halirekebishiki.

Kila mwanzo wa mwaka wanapiga kura. Majina yanatiwa kikombeni, kila mtu anachomoa la mwenziwe na kulificha, na mwisho wa mwezi wa tano, Jumamosi ya umuganda mchana, wanakutana kwa Shakira kubadilishana mifarishi waliyoshoneana. Sheria ni moja: kitambaa hakinunuliwi. Kila kiraka kitoke katika maisha yako, nguo iliyochoka, pazia, aproni, shuka. Na kuna mchezo. Aliyepewa huutandaza mfarishi magotini na "kuusoma", kiraka baada ya kiraka, akisema kila kimoja kilitoka wapi, na mshonaji humsahihisha. Kwa kusoma hakuna anayemfikia Winifred.

Mwaka huu jina lake lilikuwa limechomolewa na Ariane.

Alifurahi mno. Akautandaza, akavaa miwani, akaanza. "Hili pazia lenu la kwanza, la ile nyumba ya Gikondo. Hili shati la Baba Gisa, lile alilojifanya anajua kulipiga pasi. Hii nyeupe ni shuka, zile za mama yako. Hii sketi uliyovaa siku tuliyoteleza sokoni Kimironko na mayai." Shakira alicheka mpaka akashika ukuta. Pretty akataka kujua mayai mangapi.

Katikati ya mfarishi kulikuwa na viraka kumi na viwili vya kitenge cha zambarau chenye majani madogo ya dhahabu. Kizuri hasa, kizito, kile ambacho mtu hakivai kwenda gengeni. Winifred alikipitishia kidole.

"Na hiki?"

"Hicho?" alisema Ariane. "Hicho ni kipande tu."

Katika miaka yote ya kusoma, hakuna aliyewahi kujibu hivyo. Winifred aliinua macho. Ariane alikuwa akikunja karatasi iliyofungia zawadi, akiikunja vizuri sana. Na Shakira akasimama kwenda kuangalia chai, na chai ilikuwa mezani mbele yake.

Winifred akasema asante, ni mzuri sana, na akaendelea na kiraka kinachofuata.

Mtu wa Kigali hahitaji kuelezwa sare. Panapokuwa na harusi, mama wa bwana harusi au wa bibi harusi huchagua kitenge, dada na shangazi na marafiki wa karibu wakashona kilekile, ili ukumbini ionekane nani ni wa nani. Kitambaa kipya, cha bei, viraka kumi na viwili vya kumwaga, na fundi anayekimbia macho yako: hiyo ni sare, na imepita kwa Shakira. Na Gisa, tangu mwaka jana, alikuwa na msichana. Kila mtu alijua, Ariane mwenyewe alikuwa akimtaja kwa sauti ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Winifred akajumlisha. Siku hizi watu wanafunga ndoa ndogo, ofisini kwa umurenge, mbele ya afisa wa serikali, watu ishirini na picha. Gisa ameoa. Mgongo uliombeba haukualikwa, na sasa mwenye mgongo ameletewa makombo ya sare afunike magoti.

Alirudi Batsinda, akaukunja ule mfarishi, akauweka juu ya kabati, chini ya masanduku.

Wiki tatu zilipita. Ujumbe wa Ariane ukija kwenye simu, Winifred alijibu "Sawa" na "Amen". Alisema ana kazi nyingi ofisini. Alisema ana mafua. Cherehani ilikaa na kifuniko chake, ambacho bila shaka ni cha viraka, na jioni alikaa mbele ya televisheni akamwachia Kabera rimoti bila mfuko. Kabera akaona hilo si jambo dogo.

"Muulize," alisema.

"Nimwulize nini? Mtu anaomba mwaliko wa harusi iliyokwisha?"

"Labda haikuwepo."

"Kabera, mimi nasoma vitambaa kuliko unavyosoma gazeti. Kikulacho ki nguoni mwako."

Kabera aliinamisha kichwa, akasema yeye ni mwalimu wa hesabu, na kwenye hesabu mtu akipata jibu haraka hivyo anaambiwa aonyeshe njia. Winifred akainuka akaenda kulala. Haikuwa hasira hasa, ingawa aliiita hasira kwa sababu hasira ina heshima zaidi. Ilikuwa woga. Alikuwa akijiuliza ni lini alishuka cheo bila kuambiwa. Kama miaka hii yote, ishirini na kitu, alikuwa akijihesabu wa kwanza kwa mtu ambaye kwake yeye alikuwa wa kumi na tano. Ukubwani rafiki wa namna ile hapatikani tena, na yeye alijua hana mwingine.

Jumamosi ya tatu aliamka ameamua. Atatoka kikundini, na mfarishi ataurudisha. Ila kitu cha mtu hakirudishwi na vumbi la juu ya kabati, hata ukiwa umekasirika vipi, kwa hiyo akajaza beseni maji, akatia sabuni kidogo, akauzamisha, akaanza kuukanda.

Maji yakawa ya zambarau.

Aliutoa haraka, akamwaga, akatia maji mengine. Yakawa ya zambarau tena. Kile kitenge kilikuwa kinachuja, na rangi ilikuwa imeshaingia kwenye miraba myeupe ya shuka za mama yake Ariane, doa moja hapa, jingine pale. Winifred alisahau kwamba amekasirika. Alikimbilia chumvi, akatafuta siki, siki hakuna, akaushindilia mfarishi kwenye ndoo ya mfuniko pamoja na maji ya chumvi, akaita pikipiki. Mtu mmoja tu Kigali hii angejua la kufanya.

Shakira alikuwa mlangoni pa kibanda chake Biryogo, futi kamba shingoni. Alifungua ndoo, akachungulia, akaguna. Akaleta chupa ya siki, akamimina bila kupima.

"Nani alishona bila kufua kwanza?" aliuliza.

"Mama Gisa."

"Hapana. Yule anafua mpaka vifungo."

Na ni kweli. Kitenge kipya hufuliwa kabla ya kukatwa viraka, kichuje huko huko chenyewe. Hilo ndilo somo la kwanza Shakira alilowafundisha, na Ariane ndiye aliyelishika kuliko wote. Winifred aliinua ncha ya mfarishi kutoka kwenye maji na kuitazama, safari hii kwa macho ya kazi. Pazia la Gikondo, limefuliwa mara mia. Shati, mara mia. Kitenge cha zambarau hakikuwa kimegusa maji hata mara moja. Nguo ikivaliwa harusini, na jua lile na ngoma zile, kesho yake inafuliwa, haina mjadala.

"Hii haijavaliwa," alisema.

Shakira akachukua mwiko. Akaukandamiza mfarishi ndooni.

"Shakira. Hii sare haijavaliwa na mtu."

"Mimi nilikatazwa kusema," alisema Shakira. "Na mimi mtu akinikataza sisemi. Nimekaa na hii maneno miezi miwili, inanichoma hapa." Akajipiga kifuani. Kisha akafuta mikono, akaingia ndani, akatoka na daftari lake la vipimo, lile refu lenye jalada la bluu. Akalifungua, akaliweka kwenye mapaja ya Winifred, akageuka upande wa pili kuangalia barabara. "Lakini daftari si mimi. Daftari iko hapo tu."

Ukurasa wa kushoto uliandikwa Mama Gisa, na chini yake vipimo na neno zambarau. Ukurasa wa kulia uliandikwa Mama Kaliza, ndiye yeye mwenyewe. Kifua, kiuno, urefu. Zambarau. Na chini kabisa, kwa mwandiko wa Ariane mwenyewe, ambao Winifred aliujua tangu enzi za meza moja: mikono ifike chini ya kiwiko, hapendi mikono yake ionekane, mfuko upande wa kulia, atataka mfuko, ataweka kitambaa, atalia.

Winifred aliisoma mara mbili.

"Ulinipima lini?"

"Wewe nikupime ya nini, nakujua," alisema Shakira, bado amempa mgongo. "Alikuja mwezi wa pili. Alileta ya kwake na ya kwako. Nikamwuliza, dada zako je? Akasema hao wangoje, mpaka wakwe wapange siku, lakini hizi mbili kata sasa, nataka nimpelekee mkononi, aone gauni ndiyo ajue iko harusi. Yako ilimaliza mbele ya yake. Halafu mwezi wa nne akaja kuchukua zote mbili. Hakukaa. Akasema, Shakira, hakuna tena kitu, yule binti amerudisha maneno, hataki tena, usiambie mtu yeyote. Basi."

Akageuka sasa, akaushika ule mfarishi na kuukunjua kidogo. Kwenye kingo za viraka vya zambarau kulikuwa na mistari ya vitundu vidogo sana vya sindano, pale palipokuwa na mshono ukafumuliwa. "Ona," alisema. "Hii haikuwa mabaki. Hii ilikuwa gauni nzima. Wewe unasoma nguo za watu kutwa, hii ulisoma nusu ukaweka chini."

Winifred alifunga daftari. Alikuwa na aibu hadi masikioni. Wiki tatu amekuwa akijibu "Amen" kwa mtu ambaye alikuwa amekaa peke yake na kiwembe, akifumua gauni mshono kwa mshono.

"Nenda," alisema Shakira. "Siki inafanya kazi yake njiani."

Kutoka Biryogo hadi Kanombe ni mbali kwa pikipiki, na mbali zaidi ukiwa umekumbatia ndoo. Dereva alivumilia harufu ya siki hadi makutano ya Sonatubes, ndipo akauliza kwa adabu kama mama amebeba saladi. Winifred alimwambia ni nguo. Dereva akasema sawa, na hakuuliza kitu kingine hadi mwisho wa safari.

Ariane alifungua mlango akiwa na kanga kiunoni na kitambaa kichwani, amekonda. Mbona hakuona kwamba amekonda? Alimtazama Winifred, akaitazama ndoo.

"Mama Kaliza. Mafua yamepona?"

"Sikuwa na mafua. Nimekuharibia kazi yako, imechuja."

Waliingia, wakaiweka ndoo katikati ya sebule, juu ya gazeti. Ariane alipiga magoti, akauinua mfarishi kidogo, akaona miraba ya shuka za mama yake ilivyopata madoa ya zambarau, mepesi sasa, siki ilikuwa imejitahidi. Hakukasirika. Alikaa chini palepale sakafuni, na Winifred akakaa kando yake.

"Sikukifua," alisema. "Nilijua lazima nikifue. Kila nikikipeleka kwenye maji mkono unakataa. Nikasema, kitakaa tu hivyo."

"Nimeona daftari."

Ariane aliurudisha mfarishi ndooni. "Shakira yule," alisema, lakini bila ubaya.

"Mimi nilidhani mmemwoza mtoto bila mimi," alisema Winifred. Ilibidi aliseme lote, na alilisema. "Wiki tatu nimekuchukia, Mama Gisa. Nilisema nimembeba mgongoni na sikuitwa. Na wewe hukuniambia. Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe ungekuja."

"Ningekuja, ndiyo."

"Ungekuja siku ileile, ungekaa hapo, ungeniangalia kama unavyoniangalia sasa. Ningelia. Na Gisa yuko chumbani anasikia. Nilisema kwanza mtoto apone." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Anajitahidi. Amerudi kazini. Lakini hapa mtaani hakuna aliyejua, c'est fini, imekwisha, hakuna harusi, hakukuwa na harusi. Ila yale magauni mawili yako kabatini, kila nikifungua yananitazama. Nikasema nitayakata. Nilianza na lako, kwa sababu niliogopa siku moja utalikuta. Na jina lako nilikuwa nalo la kura. Nikasema acha angalau likufikie."

"Na lako?"

"Langu limenishinda."

Winifred alisimama. Magoti yalilia, kifundo kile cha zamani nacho kikalia. "Lilete," alisema.

"Unataka kulikata?"

"Nataka ulivae."

Ariane alikataa. Alisema hapana mara tatu, alisema ni wazimu, Jumamosi saa kumi, nyumba haina mtu, sufuria iko motoni. Winifred alikwenda akazima jiko. Akasema gauni lililokatwa na kushonwa kwa mwili wa mtu haliendi kwenye mkasi kabla halijauona huo mwili hata mara moja. Na kama la kwake lilikwenda bila kuvaliwa, basi moja linatosha. Sijui sheria hiyo ameitoa wapi. Nadhani aliitunga pale pale.

Ariane akaingia chumbani. Alikaa sana. Alipotoka alikuwa amevaa, na amegeuza mgongo, maana zipu ilikuwa nyuma na mkono haufiki. Winifred akaipandisha polepole, akalaza kola, akamzungusha kwa mabega.

Lilikuwa gauni la mama wa bwana harusi. Lilidondoka kutoka mabegani bila kosa, na majani ya dhahabu yaliuchukua mwanga wa dirishani. Winifred alikuwa na maneno aliyoyatunza tangu mtoto yule akiwa mgongoni mwake, ya kumwambia mama yake siku ya harusi. Alikuwa ameyapanga kwa mpango maalumu na sasa hakukumbuka hata moja.

"Umelea vizuri," alisema. "Umependeza, na umelea vizuri."

Ndipo Ariane alipolia, naye Winifred akalia, na hakuna aliyekuwa na mfuko wala kitambaa.

Baadaye walikamua mfarishi pamoja, mmoja huku na mwingine kule, wakausokota mpaka maji yakaacha kudondoka, na wakautoa uani kuuanika kwa sababu jua bado lilikuwepo na kitu cha tabaka tatu hakikauki haraka. Ariane hakuwa amebadilisha nguo. Alitaka kubadilisha, kisha akauacha mkono uliokwenda kwenye zipu, akashika ndoo.

Jirani yake, Mama Mutsinzi, alikuwa upande wa pili wa ua akianua nguo zake. Alisimama, shuka begani, akalitazama lile gauni kutoka juu hadi chini.

"Mama Gisa, mna harusi hamtuambii?"

Winifred alihisi ncha ya pili ya mfarishi ikikaza. Ariane alikuwa ameikamata kwa nguvu. Kwa kawaida hapa mtu huulizwa na akajibu kitu kingine, anacheka, anasema ah, najaribu tu, na mambo yanapita.

"Ilikuwepo," alisema Ariane. "Ya Gisa. Imevunjika mwezi wa nne."

Mama Mutsinzi aliishusha ile shuka begani. Akasema, "Pole sana, mama. Nitakuja kukuona jioni."

"Karibu," alisema Ariane. "Njoo."

Akageuka kwa Winifred, akavuta ncha yake, na wawili wale wakautupa mfarishi juu ya kamba.